Ukitaka kupunguza hasara kazini, anzia mezani kwa bosi

Hapa Lubumbashi, kampuni ikiniita niisaidie kupanga mikakati, mara nyingi mkurugenzi ameshapata wa kulaumu: mafundi. Wavivu, wachelewaji, wezi. Mimi huomba jambo moja kabla ya mkutano wowote: niachwe nifuate karatasi moja, tangu inapoandikwa hadi kazi inapokwisha.

Kwenye gereji moja ya malori ya njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, nilifuata ombi la filta ya mafuta. Fundi aliliandika asubuhi. Filta ilikuwa depo, ng'ambo tu ya uwanja. Lakini ombi lilitaka saini ya mkuu wa gereji, kisha ya mhasibu, kisha ya mkurugenzi, na mkurugenzi alikuwa Likasi. Lori likalala. Kesho yake saini ilipopatikana, fundi aliifunga filta hata chai yake haijapoa.

Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, kampuni ya magari ya Japani, alitaja aina 7 za hasara, na kungoja ni mojawapo. Kwetu naona ndiko kunakokula zaidi, na mafundi hawakukuanzisha. Basi wekeni kiwango: kifaa cha bei ndogo, mkuu wa gereji asaini peke yake, mkurugenzi akague daftari kila Ijumaa. Wengi hunikunjia uso: "Nikiachia saini, wataniibia." Huwaomba wapige hesabu ya lori kulala siku moja, waiweke kando ya bei ya filta.

Kwenye stoku, msiige Toyota kichwakichwa: wao huweka akiba ndogo, kifaa kinaletwa kinapohitajika tu. Wao walikuwa na wauzaji wa vipuri jirani na kiwanda. Sisi tunasubiri kontena kutoka Durban au Dar es Salaam, mpaka nao una foleni zake. Hata Toyota yenyewe, baada ya tetemeko la ardhi la Japani la 2011, iliwataka wauzaji wake waweke akiba ya chipu za elektroniki ya miezi 2 hadi 6. Kifaa kisichopatikana mjini, wekeni akiba. Matairi ya gari mlilokwisha kuliuza, hayo yatoeni. (Yapo. Kila depo inayo.)

Mpango mkakati nautaka ukurasa mmoja: malengo 3, kila lengo na mtu wa kuulizwa. Nimesoma mipango minene, Kifaransa safi, iliyoandikwa kumridhisha mfadhili au benki. Mkuu wa gereji hajawahi kuiona. Ubandikeni ukutani kwa Kiswahili, palepale wanapopokelea kazi.

Na kabla sijaanza, mkurugenzi awatangazie wote kwamba hakuna atakayefukuzwa kwa sababu kazi imekuwa nyepesi. Bila hilo, nani atanionyesha saa anazopoteza? Atakuwa anaandika barua ya kujifukuza mwenyewe. Mkurugenzi akikataa kulitamka, kazi hiyo siichukui.