Kadi ya OCI, pesa na nyumbani: jibu la kweli kwa ndugu wa Dar na Nairobi

Ndugu zetu wa Upanga, Kisutu, Ngara na Parklands, swali mnalotuuliza ni lile lile kila mwaka. Sisi wenye asili ya India tuliotoka Afrika Mashariki tukaishia Leicester, Harrow au Toronto, nyumbani kwetu ni wapi? Pesa yetu inakwenda wapi? Na je, nanyi mchukue ile kadi ya OCI (Overseas Citizen of India) inayotolewa na serikali ya India kwa wenye asili yake walio raia wa nchi nyingine?

Tujibu bila kuficha. Kwa wengi wetu India si nyumbani. Ni nchi ya mababu, yenye jamaa, mahekalu, misikiti na mara nyingine mali. Mwenye shughuli kule, kadi itamfaa sana. Anayeitaka ili ajione Mhindi kamili, haitampa hilo, maana sheria ya India yenyewe inamhesabu kuwa mgeni.

Mnasikia kwamba Wahindi wa nje wanalisha nchi yao. Ni kweli: mwaka 2024 India ilipokea takriban dola bilioni 129 kutoka kwa watu walioko nje, na hakuna nchi nyingine iliyopokea zaidi. Lakini msidhani tumezituma sisi. Nyingi ni za watu wenye pasipoti ya India: mwashi wa Kerala aliyeko Dubai, muuguzi aliyeko Kuwait, mtaalamu wa kompyuta wa Hyderabad aliyeko California. Uchunguzi wa Benki Kuu ya India wa 2023-24 ulionyesha Marekani inatoa karibu 28%, Falme za Kiarabu 19% na Uingereza karibu 11%. Yule wa Dubai anatuma kila mwezi kwa sababu mke na watoto amewaacha kijijini, na uraia wa huko hatarajii kuupata. Sisi watoto wetu tunalala nao nyumba moja. Pesa yetu inakwenda India kama akiba, nyumba au mchango.

Na India haikututaka siku zote. Enzi za Nehru, waziri mkuu wa kwanza wa India, Wahindi wa Afrika waliambiwa wajifungamanishe na nchi walizomo. Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972 kwa kuwapa siku 90, wengi walipokelewa Uingereza. Mambo yalibadilika India ilipoishiwa dola. Mwaka 1991 ilibidi isafirishe dhahabu nje kama rehani. Mwaka 1998, baada ya majaribio ya nyuklia kuleta vikwazo, benki ya serikali iliwauzia Wahindi wa nje hati fungani za miaka mitano kwa riba ya 7.75% kwa dola, ikakusanya dola bilioni 4.2. Uzalendo ulikuwepo, lakini riba ilikuwa nzuri pia, na hakuna aibu kulisema hilo. Kadi ya OCI ilikuja baadaye, 2005.

Kadi inakupa viza ya maisha, kuingia na kutoka unavyotaka, kukaa muda wowote bila kujiandikisha polisi, na haki ya kununua nyumba na kufungua akaunti. Haikupi kura wala kazi ya serikali. Huruhusiwi kununua shamba, ingawa unaweza kulirithi. Kazi ya uandishi wa habari, utafiti au mahubiri inahitaji kibali maalumu. Ada kwa aliye nje ni dola 275.

Ugumu wa familia za Afrika Mashariki uko kwenye ushahidi wa asili. Sheria inafika hadi kitukuu: lazima uonyeshe kwamba mzazi, babu au baba wa babu yako alitoka India, halafu uunganishe kila kizazi kwa cheti cha kuzaliwa au cha ndoa. Mnyororo unakatikia katikati. Babu aliingia kwa jahazi, baba akazaliwa Zanzibar au Kisumu, cheti kikapotea. Kingine ni majina. Pasipoti ya zamani inasema Ramji Devji, cheti cha Mombasa kinasema Ramjibhai D. Patel, kile cha Dar kimefanya jina la baba kuwa la ukoo. Kwa ofisa hao ni watu watatu. Dawa yake ni hati ya kiapo inayotaja majina yote pamoja, ikiambatanishwa na karatasi yoyote ya siku zile yenye majina mawili kati ya hayo. Majina ya mahali nayo yamebadilika: Nawanagar ya pasipoti ya mkoloni ndiyo Jamnagar ya leo, na Cutch ndiyo Kutch. Eleza hilo kwenye barua yako, usimwachie ofisa akisie. Kama hakuna pasipoti, mtafute jamaa kijijini akuombee nakala ya daftari la ardhi lenye jina la babu.

Aliyewahi kuwa raia wa Pakistan au Bangladesh, au aliye na mzazi, babu au baba wa babu aliyekuwa raia wa huko, hapati. Familia za Kipunjabi zilizokuja kujenga reli mlizingatie hili: kuzaliwa Lahore kabla ya 1947 si sawa na kuwa raia wa Pakistan, lakini jiandaeni kuonyesha kwamba mzee alikuwa tayari Nairobi au Kampala na hakuuchukua uraia ule. Wagoa, wenye asili ya Goa iliyokuwa koloni la Ureno, wako salama upande huu, kwa kuwa maeneo yaliyoingia India baada ya Agosti 1947 yanahesabika.

Sasa pesa. Akaunti ni tatu. NRO hupokea kipato cha ndani ya India, kama kodi ya nyumba ya urithi. Riba yake hukatwa kodi ya zuio (inayokatwa kabla hujalipwa) ya 30% na nyongeza, na kutoa nje salio la akaunti kuna kikomo cha dola milioni moja kwa mwaka wa fedha, pamoja na hati ya mhasibu aliyesajiliwa. NRE hupokea pesa uliyoleta kutoka nje. Riba haikatwi kodi India, na unaitoa upendavyo. FCNR ni amana ya mwaka mmoja hadi mitano inayobaki kwenye dola au pauni.

Msidanganywe na riba ya NRE. Mwanzoni mwa 2011 dola moja ilikuwa kama rupia 45; mwaka 2024 ilikuwa 83. Chukua dola 1,000 za wakati ule, zikawa rupia 45,000. Kwa riba ya 7% miaka 13 zinafika kama rupia 108,000. Zirudishe kwenye dola: ni kama 1,300, yaani asilimia mbili tu kwa mwaka. Na hiyo riba "isiyo na kodi" haina kodi India peke yake. Mkaazi wa Uingereza anatakiwa kuitangaza huku, na benki za India zinapeleka taarifa zenyewe tangu 2017. Watu wengi wamepigwa faini kwa akaunti walizofunguliwa na baba zao.

Hata hivyo mapenzi ya kijiji yapo, nendeni Madhapar karibu na Bhuj mjionee. Ni kijiji chenye matawi ya benki zaidi ya kumi, na amana zake kwa sehemu kubwa ni za watoto wake walioko Nairobi na London. Tetemeko la Januari 2001 lilipobomoa Kutch, michango ya kujenga upya ilitoka kwao pia.

Nyumba ndiyo inayoleta ugomvi. Ukiuza ukiwa mkaazi wa nje, mnunuzi anatakiwa akukate kodi ya zuio kubwa kwa kufuata bei, si faida, isipokuwa umeomba mapema cheti cha kupunguziwa. Ombeni kabla ya kusaini mkataba. Na hati ya uwakili msimpe binamu kwa mambo yote. Iandikwe nyumba gani, kazi gani, mwisho lini. Ithibitishwe ubalozini, kisha igongwe muhuri wa ushuru India ndani ya miezi mitatu. Mahakama ya Juu ya India ilisema mwaka 2011 kwamba nyumba "iliyouzwa" kwa hati ya uwakili tu haijahama mikononi mwa mwenyewe.

Watoto wetu hapa Uingereza wanasherehekea Diwali na Idi, wanaagiza muhogo wa kukaanga mgahawani, na pasipoti zao ni za Uingereza. Kenya iliwatambua Waasia wake kuwa kabila la 44 mwaka 2017, na waliotoka kule wanalitaja kwa fahari ambayo India haijawahi kuwapa.

Kwa ninyi mlioko Dar wenye pasipoti ya Tanzania: OCI si uraia kwa sheria ya India, lakini Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, na anayepaswa kukujibu ni ofisa wa Uhamiaji wa kwenu. Muulizeni kwa barua, mpate jibu la maandishi, kabla ya kulipa hizo dola 275. Na Mgoa anayeshawishiwa na wakala kuchukua pasipoti ya Ureno ajue kwamba hiyo si kadi. Ni uraia kamili, na wa Tanzania ataupoteza.