Kabla ya Kuhamia Nyumba ya Kupanga

SWALI: Nimepata nyumba ya vyumba viwili Tabata, Dar es Salaam, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nikague nini kabla ya kulipa?

JIBU: Ndugu msomaji, anza na mita ya LUKU. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa mtu anaponunua umeme, na nyumba ikikaa miezi kadhaa bila kununuliwa umeme, malimbikizo hayo humwangukia mpangaji mpya, ingawa kodi hiyo ni wajibu wa mwenye nyumba; kwa hiyo nunua umeme kidogo mbele yake, usome makato kwenye risiti, kisha mwandikishane kwenye mkataba nani atayabeba. Omba pia bili ya maji ya mwisho. Fungua mabomba yote, jaribu kila kitasa, na piga picha nyufa na madoa ya dari ukiwa naye, ili usije ukadaiwa uharibifu ulioukuta. Fedha usimkabidhi dalali. Mlipe mwenye nyumba mwenyewe, akupe risiti, na mkataba usainiwe mbele ya mashahidi, ikiwezekana katika ofisi ya serikali ya mtaa.