Jibu: Nyonga inauma, eksirei haioneshi kitu

Pole dada. Mdogo wako wa Kondoa anachechemea mwaka wa pili, eksirei safi, dawa za baridi yabisi hazisaidii: hayo hayo yalinikuta. Yangu ilikuwa ugonjwa uitwao PVNS (kwa Kiingereza pigmented villonodular synovitis). Utando wa ndani wa kiungo unavimba, unaota vinundu na kuvuja damu kidogo kidogo. Si saratani, ila ukiuachia unatafuna mfupa na gegedu, ile tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa.

Mwombe daktari MRI, kipimo cha picha kwa sumaku kinachoonesha hata nyama laini za kiungo. Dodoma ipo pale hospitali ya Benjamin Mkapa. Chuma cha damu ya zamani kwenye utando huonekana cheusi kwenye picha. Mimi walinivuta maji ya nyonga kwa sindano, yakatoka ya kahawia kama yaliyolala kwenye debe lenye kutu, nikadhani wamekosea chupa! Lakini kinachothibitisha ni kinyama cha utando kupimwa maabara. Wapime na TB, nayo huingia nyonga na dalili zinafanana.

Tiba ni upasuaji wa kuuondoa utando wote. Ukibaki kidogo hurudi, hata baada ya miaka, kwa hiyo MRI za ufuatiliaji msiziruke. Gegedu likiwa limekwisha, hapo ni nyonga bandia. Bima yake inalipia MRI? Ulizeni kabla hajapanda basi.