Bushi mpya za mbele zimechanika ndani ya miezi minne. Ni feki?

SWALI: Habari fundi. Gari langu lina zaidi ya miaka 20. Mbele lilikuwa linagonga kila nikipita kwenye mashimo, nikaliinua nyumbani na kubadilisha amu za chini zote mbili, ile mikono ya chuma inayoshika gurudumu kwenye bodi, mpya pamoja na bushi zake. Likatulia. Sasa imepita miezi minne, kugonga kumerudi, na nikichungulia naona bushi zimechanika pande zote mbili. Fundi mmoja anasema za siku hizi ni feki, nishindilie vipande vya mpira wa tairi au nibadilishe shokapu pia. Nifanyeje?

JIBU: Bushi feki zipo, sikatai. Lakini za kulia na kushoto zikichanika pamoja, swali langu la kwanza huwa moja: bolti ulizikaza gari likiwa katika hali gani? Nadhani lilikuwa juu ya stendi, magurudumu yananing'inia. Karibu kila anayeniletea shida hii alifanya hivyo, na wengi walifundishwa gereji na watu waliopaswa kujua.

Watu wanadhani bushi inazunguka kama beringi. Haizunguki! Bushi ya kawaida ya mpira ina bomba la chuma la nje lililoshindiliwa kwenye amu, bomba dogo la ndani linalopitiwa na bolti, na kati yake mpira ulioshikamana na vyuma vyote viwili. Ukikaza bolti, bomba la ndani linabanwa na halisogei tena. Kuanzia hapo amu ikipanda au kushuka, mpira ndio unaojisokota. Umeundwa usokotwe kidogo juu, kidogo chini, kisha urudi katikati na kupumzika.

Wewe ulikaza bolti amu ikiwa imelala chini kabisa, ukaifanya hali hiyo kuwa ndiyo katikati ya mpira. Uliposhusha gari, uzito ukapandisha amu, na mpira umebaki umesokotwa usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa. Likiingia shimoni, unavutwa kupita uwezo wake. Hata bushi bora kiasi gani haiwezi kuvumilia hilo.

Safari hii, kabla hujafungua chochote, gari likiwa limesimama kwenye magurudumu yake mahali tambarare, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi juu yake. Andika. Ukifunga amu, acha bolti za bushi zikiwa zimeshika tu. Boli jointi, kiungo kinachounganisha ncha ya amu na gurudumu, unaweza kuikaza kabisa, maana hiyo inazunguka kweli. Shina lake na tundu lake viwe safi na vikavu, usipake grisi hapo. Kisha weka jeki chini ya amu karibu na boli jointi na uinue taratibu hadi urudi kwenye kipimo ulichoandika, stendi zikiwa bado mahali pake. Gari likianza kuachia stendi kabla ya hapo, simama, uzito wa kona hiyo tayari uko kwenye springi. Ndipo ukaze bushi, kwa nguvu iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Ukimaliza, peleka gari likapimwe mwelekeo wa magurudumu.

Shokapu zikaguliwe kwa makosa yake zenyewe: zinavuja mafuta, au gari linanesa mara kadhaa baada ya tuta. Bushi kuchanika si dalili ya shokapu mbovu.

Ushauri wa mpira wa tairi unanikera kuliko yote. Bushi inashikilia gurudumu kwenye mstari wake. Kipande kilichoshindiliwa hakishikani na chuma chochote, kinachofanya ni kuziba sauti. Wengine humwagia bushi oili ya injini ili inyamaze, na oili hulainisha na kuozesha mpira wa asili. Wapo wanaochoma sindano kwenye kifuniko cha mpira cha boli jointi iliyolegea na kupiga grisi ndani. Kelele inaisha wiki mbili, mwenye gari anashukuru, lakini ulegevu uko palepale na sasa kifuniko kina tundu la kuingiza maji na mchanga. Boli jointi ikichomoka gari likiwa kwenye mwendo, gurudumu linakunjika, na usukani hauliongozi tena.

Na kama siku moja utaamua kubadilisha shokapu mwenyewe, na ni ile iliyozungukwa na springi, usifungue nati yake ya juu kabla springi haijabanwa kwa vibanio vyake maalumu. Nimeona watu wakiifunga kwa waya na kamba. Springi iliyobanwa ikiachia inaruka kwa nguvu ya kuvunja taya. Huna vibanio hivyo, au huna uhakika navyo? Mpelekee mwenye navyo akufanyie sehemu hiyo tu, nyingine umalizie nyumbani.