Maswali ya wasomaji: Nataka kusomea saikolojia ya kazi ng'ambo

SWALI

Jambo sana, Mama. Nilimaliza lisansi ya saikolojia ya kazi hapa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), mfumo wa zamani, kwa asilimia 64. Sasa niko ofisi ya wafanyakazi katika kampuni moja ya sutretansi, inayofanya kazi za mgodi kwa mkataba, njia ya Likasi. Ninapanga mafaili, ninapokea CV, na asubuhi ninakusanya karatasi za kozeri ya usalama (mazungumzo mafupi kabla ya kazi), ambazo watu husaini kabla kozeri haijaanza. Nataka kuomba masta au doktora ya saikolojia ya kazi na mashirika nje ya nchi. Baba mkubwa anasema nichukue menejimenti, ndiyo yenye mkate. Barua yangu ya motisha inaanza hivi: "Tangu utoto wangu ninapenda kusaidia watu." Naogopa ile 64 itanifungia mlango. Na barua za mapendekezo, nimwombe mkuu wa fakulti?

Msomaji wa Katuba, Lubumbashi

JIBU

Jambo, mwanangu. Kuna neno umelitaja kwa haraka ukalipita: watu husaini kabla kozeri haijaanza. Ombi lako liko hapo. Huko utotoni hakuna kitu.

Nimefanya kazi miaka mingi katika ofisi za ajira za migodi yetu, na karatasi hiyo ninaijua. Inatembea mkono kwa mkono, na kalamu imefungwa kwa kamba kwenye ubao. Wa mwisho anamsainia mwenzake aliyechelewa basi. Kapita, msimamizi wao, anatazama saa. Jioni ripoti inasema wote wamefundishwa. Kwa nini watu wazima, wenye watoto nyumbani, wanatia saini maneno ambayo hawajayasikia, tena kuhusu mashine inayoweza kuwakata mkono? Ni kwa sababu kozeri inatolewa kwa lugha wasiyoielewa vizuri? Ni kwa sababu ya mkataba wa miezi mitatu, anayeuliza sana haongezewi? Au wamekwisha kuona kwamba mbele ya wakubwa tani za madini ndizo zinazohesabiwa?

Hilo la mwisho lina watafiti wake. Mwaka 1980 Dov Zohar wa Israeli alichapisha utafiti uliopima, katika viwanda vya nchi yake, jinsi wafanyakazi wanavyoona uzito ambao usalama unapewa kweli kazini. Wengi wamemfuata tangu hapo. Wasome, halafu aya yako ya kwanza iseme: nimeona hili, waliotangulia wamepata hili, mimi nataka kupima hili katika sutretansi, ambako mfanyakazi ana mabosi wawili, anayemlipa na mwenye mgodi. Sentensi ya utoto ifute. Majina ya waliosaini usiyataje popote, wala jina la kampuni.

Anayesoma mafaili huko anataka kuona kwamba unajua fani hii ni ya kupima: kuchagua watu, kuwafundisha, kuchambua kazi, motisha, uongozi. Takwimu ndiyo mgongo wake. Kama umezisahau, anza sasa na R, ni programu ya bure ya takwimu.

Kuhusu 64, hapa watoto wetu wanaumia bure. Kwetu 50 hadi 69 ni satisfaksio, distinksio inaanzia 70, na anayepata 80 anajulikana kampasi nzima. Mmarekani akiiona 64 bila maelezo, atadhani uliponea chupuchupu. Tena lisansi ya zamani ni miaka mitano, mitatu ya gradua na miwili ya lisansi, lakini lisansi ya LMD (mfumo mpya wa lisansi, masta, doktora) ni mitatu tu, sawa na ya Ufaransa. Usipoeleza, miaka yako miwili inapotea njiani. Omba sekretarieti ya fakulti barua yenye muhuri inayoeleza ngazi za alama na muda wa masomo, na kama wanakubali, iseme ulikuwa wa ngapi darasani. Ukiwa wa 5 kati ya 90, hiyo namba itakutetea. Releve za kota (orodha za alama) zitoke za kila mwaka, zitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa.

Mkuu wa fakulti, hapana, kama hakujui. Barua ya "mwanafunzi mwenye adabu na bidii" haina uzito hata ikiwa na mihuri mitatu. Mwombe aliyesimamia memwari yako, ile kazi ya utafiti ya kumaliza masomo. Kama aliyesahihisha kurasa zako kweli ni shefu wa travo (msaidizi wa profesa), basi yeye na profesa waandike pamoja, wasaini wote wawili. Mwingine awe mkubwa wako wa kazi.

Wapi? Doktora ya Marekani mara nyingi inapokea hata asiye na masta, inachukua kama miaka mitano, na vyuo vingi hulipa karo na posho kwa mwanafunzi anayesaidia kufundisha au kutafiti. Masta, kwa kawaida, unajilipia. Kwa mtoto wa Katuba, basi, njia ndefu inaweza kuwa ndiyo ya bei ndogo. Ila huko profesa ndiye anayekuchagua, kwa hiyo mwandikie anayetafiti usalama kazini. SIOP, chama chao cha fani hii, kina orodha ya programu kwenye tovuti yake. Maombi mengi ya doktora hufungwa Desemba au mapema Januari. Mtihani wa kuingilia wa GRE vyuo vingi vimeuacha. Mtihani wa Kiingereza, TOEFL au IELTS, jiandae nao.

Kama Kiingereza bado kizito, vyuo vikuu vya Ubelgiji, ULB ya Bruxelles, Liège na Louvain-la-Neuve, vinafundisha kwa Kifaransa. Afrika Kusini ni karibu, na huko mwanasaikolojia wa viwanda anasajiliwa rasmi, lakini diploma yako itapitia kwanza SAQA, mamlaka yao ya kutambua diploma za nje.

Baba mkubwa umsikilize kwa heshima, kisha umwonyeshe tofauti. Menejimenti itakufundisha kuendesha ofisi ya wafanyakazi. Fani yako itakuwezesha kuuliza kama mtihani tunaowapa madereva wa malori makubwa unaonyesha kweli nani ataendesha salama. Miaka ya 1950 Union Minière, kampuni kubwa ya migodi ya enzi za Wabelgiji, ilikuwa na wanasaikolojia wake mjini humu, wakiwapima babu zetu. Nataka sana kuona kazi hiyo mikononi mwa mtu aliyekulia Katuba.

Sekretarieti nenda wiki hii, maana releve ndizo huchelewa. Aya mpya ukishaiandika, nitumie. Nitaisoma na kukurudishia mapema, upate muda wa kuitafsiri.