Neno "ngeli" limetoka wapi, na lina maana gani?

Mkuu, umeuliza ngeli maana yake nini na neno lenyewe limetoka wapi, kwa kuwa mwanao anakariri A-WA, KI-VI, LI-YA bila kujua anakariri kitu gani. Nimefundisha Kiswahili sekondari miaka mingi, sehemu kubwa Kagera, kwa hiyo nijibu ninavyofahamu.

Neno hili asili yake ni Kihaya, lugha ya Wahaya wa huku Kagera, na maana yake ni aina. Katika sarufi, ngeli ni makundi ya nomino, yaani majina ya watu, wanyama, vitu na kadhalika. Kuna mchangiaji hapo juu amesema ni Kiarabu. Hapana, yenye asili ya Kiarabu ni "sarufi". Ngeli ni neno la Kibantu, na mimi naona limekaa mahali pake, maana mpangilio huu wa nomino kwa makundi ni wetu sote: Mhaya husema omuntu, abantu, ekintu, ebintu, sisi tunasema mtu, watu, kitu, vitu. Wanafunzi wangu wa Muleba, huko huko Kagera, walikuwa wanalidaka hilo mara moja.

Wataalamu wa kigeni waliyapa makundi hayo namba, akianza Mjerumani Wilhelm Bleek miaka ya 1860, kisha Carl Meinhof akaendeleza. Ndiyo maana vyuoni utasikia ngeli ya 1 na 2 (mtu, watu), ya 7 na 8 (kitu, vitu).

Watoto wengi hukwama kwa sababu wanaangalia mwanzo wa nomino tu. Mimi huandika ubaoni sentensi mbili: "Kifaru amekufa" na "Kifaru kimeharibika." Darasa zima linajua la kwanza ni mnyama, la pili ni la jeshi. Nomino ni ileile, haikubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni kitenzi. Kwa wingi pia, vifaru wamekufa, vifaru vimeharibika. Basi yule mnyama yuko A-WA, na chombo cha vita kiko KI-VI. Huo ndio upatanisho wa kisarufi, na A-WA anayokariri mwanao ni viambishi, yaani vipande vya mwanzo vya kitenzi, umoja na wingi: a- ya amekufa, wa- ya wamekufa.

Kwa hiyo mwambie kila akipewa nomino aitungie sentensi fupi, umoja kisha wingi, halafu atazame kitenzi kimeanzaje. Mti umeanguka, miti imeanguka: U-I, ingawa "mti" hauanzi na u. Ukuta umeanguka, kuta zimeanguka: U-ZI. Kiongozi, kipofu na kijana ajaribu mwenyewe.