Uingereza: Ni lazima kuchukua simu ya mezani ndiyo upate intaneti ya nyumbani?

Mleta mada amepanga nyumba Leicester. Kampuni ya intaneti aliyoipigia imemwambia hawezi kuunganishwa mpaka achukue na laini ya simu ya mezani, ailipie kila mwezi. Simu yenyewe hana na haitaki. Anauliza kama hiyo ni sheria au biashara tu, na akatae vipi bila kubaki bila intaneti. Wengine wameshamjibu "kubali tu, ndivyo walivyo". Mkuu, usikubali kabla hujasoma hapa.

Sheria ya namna hiyo haipo. Na kwa nyumba nyingi za Uingereza leo, hata kiufundi simu haihitajiki. Inayokulazimisha ni bei na mpangilio wa vifurushi vya kampuni hiyo, na hapo unaweza kuamua.

Zamani sababu ilikuwepo. Intaneti ya ADSL ilipita kwenye waya uleule wa shaba wa simu: sauti inatumia masafa ya chini, mpaka kama 3.4 kHz, na intaneti inapanda juu yake, kuanzia kama 25 kHz hadi MHz 1.1 (ADSL2+ ikafika 2.2). Ndiyo maana kila simu ndani ya nyumba iliwekewa kifiltari kidogo. Kiufundi waya ungeweza kubeba intaneti bila sauti, lakini huduma ya jumla ambayo kampuni nyingi ziliinunua kwa Openreach, kitengo chenye nyaya cha BT, kampuni kubwa ya simu ya huko, ilikuwa inapanda juu ya laini ambayo tayari ina simu hai. Laini haina simu, hakuna cha kupandia. Kwa hiyo kampuni ndogo haikuwa inakuonea. Haikuwa na bidhaa nyingine ya kukuuzia.

Uonevu ulikuwa kwenye matangazo. Ubaoni waliandika intaneti ya bure, au pauni chache kwa mwezi, halafu kwa maandishi madogo kodi ya laini, yaani malipo ya kukodi laini ya simu. Mwaka 2016 kodi hiyo kwa BT ilikuwa pauni 18.99 kwa mwezi. Tarehe 31 Oktoba 2016 msimamizi wa matangazo, ASA, alianza kudai bei ionyeshwe ikiwa imejumuishwa kodi ya laini. Tangu hapo ukiona kampuni inakutajia bei ya intaneti kisha inaongeza "na ya laini" pembeni, simama uulize. Ama unasoma ukurasa wa zamani, ama unauzwa huduma mbili.

Sasa hali ilivyo. Tangu 5 Septemba 2023 Openreach haipokei tena maombi mapya ya laini ya simu ya mfumo wa zamani popote nchini. Mfumo wenyewe utazimwa mwisho wa Januari 2027. Mwanzoni ilipangwa Desemba 2025, ikasogezwa mbele, hasa kwa ajili ya wazee wenye vifaa vya kuitia msaada. Maana yake, "simu ya mezani" unayouziwa leo ni simu inayopita juu ya intaneti: unachomeka nyuma ya rauta. Intaneti haiitegemei simu hata kidogo, ila simu ndiyo inayoitegemea intaneti. Mhudumu akikuambia "bila simu intaneti haiwaki", anarudia maelezo yaliyopitwa na wakati.

Bidhaa kuu za Openreach ambazo hazina simu ni tatu, na majina yake yajue kwa sababu wahudumu wa ngazi ya juu wanayatumia. FTTP ni faiba hadi ndani; shaba haihusiki kabisa. SOGEA ni faiba hadi kabineti ya mtaani kisha shaba hadi kwako, bila simu, mwendo wa juu Mbps 80 kushusha na 20 kupandisha. SOTAP ni ya nyumba ambazo hazina faiba wala kabineti yenye faiba. Ni shaba tupu kutoka kituo cha simu, tena bila simu. Virgin Media wana kebo yao wenyewe, hawahitaji laini ya BT. Na ukiwa Hull, mtandao wa huko ni wa KCOM, kwa hiyo majina haya hayakuhusu.

Kabla hujapiga simu tena, fungua ukurasa wa BT Wholesale wa kukagua upatikanaji, uingize anwani kamili (postikodi peke yake inachanganya majirani). Utaona jedwali. Kama FTTP inapatikana, achana na mazungumzo ya shaba. Tena kwenye maeneo ambayo asilimia 75 ya nyumba zimeshafikiwa na faiba, Openreach hutoa taarifa ya mwaka mmoja kisha inaacha kuuza bidhaa mpya za shaba kwa nyumba zenye faiba, hivyo huenda SOGEA usiuziwe hata ukiitaka. Kama ni FTTC tu (faiba hadi kabineti, ndiyo inayobeba SOGEA), angalia mistari miwili ya makadirio ya mwendo: A, laini safi, na B, laini iliyoathirika. Tofauti ya hiyo miwili mara nyingi iko ndani ya nyumba yako, na nitaieleza chini.

Ukipiga simu, usiulize "naweza kupata intaneti bila simu?" Mhudumu ana skrini ya vifurushi, atajibu alichokiona. Uliza hivi: bei ya jumla kwa mwezi ukiondoa simu ni ngapi, simu ni mkataba mmoja na intaneti au wa pili, nikiitoa simu baada ya kuunganishwa, bei inabadilika na mkataba unaanza upya? Majibu yake yaje kwa maandishi. Kabla ya kusaini wanatakiwa wakupe muhtasari wa mkataba, na kwa mikataba mipya tangu 17 Januari 2025 ongezeko la bei la katikati ya mkataba lazima liandikwe kwa pauni na peni, si kwa asilimia ya mfumuko wa bei. Soma kama ongezeko hilo linaigusa na simu. Wengine wamekubali simu ya "pauni sifuri" wakakuta mbele ina ongezeko lake.

Hapa nina msimamo ambao baadhi yenu mtaupinga: kama kifurushi chenye simu ni bei ileile au rahisi zaidi, chukua, na simu usiichomeke. Haikudhuru kitu. Inayokudhuru ni laini yenye malipo yake yenyewe, au yenye kifurushi cha dakika kilichobandikwa bila wewe kuomba. Na wanaochukua simu wakidhani watapiga nyumbani: dakika za kifurushi huwa ni za namba za Uingereza, Tanzania na Kenya zinatozwa kando, kwa dakika, na bei yake ni kali. Kwa bibi mwenye kitochi kijijini, kampuni ya simu za intaneti ya kulipia kabla itakutoza nafuu kuliko kampuni kubwa.

Umeshasaini na unajuta? Mkataba uliofanywa kwa simu au mtandaoni una siku 14 za kujitoa. Tumia barua pepe, si mdomo, ingawa unaweza kulipishwa siku ulizotumia. Ukihama kampuni, tangu 12 Septemba 2024 unaongea na kampuni mpya tu. Ya zamani inakutumia maelezo ya faini ya kutoka kabla mkataba haujaisha na ya huduma zitakazoathirika. Ujumbe huo usiupuuze. Ndani yake ndimo inaposemwa kama simu yako ya zamani itakufa pamoja na intaneti au itabaki ikikutoza.

Kwa wenye namba ya mezani wanayoipenda, ya biashara au ya mzazi, hapa ndipo watu wengi wanaumia. Kwenye laini ya zamani, ukiihamisha namba kwenda kampuni nyingine laini inafungwa, na intaneti iliyo juu yake inakufa siku hiyohiyo. Kwa hiyo usianze na namba. Kama unaenda FTTP, agiza faiba kama muunganisho mpya, si kama uhamisho, acha laini ya shaba ikiwa hai, faiba ikishatulia ndipo uhamishe namba. Uhamisho huo ndio utakaoifunga laini ya zamani. Hakikisha tu mkataba wa zamani umeisha, la sivyo faini. Kama unaenda SOGEA mambo ni magumu, kwa sababu waya ni uleule mmoja: njia salama ni kuchagua kampuni itakayoichukua namba yenyewe pamoja na intaneti kwa agizo moja. Na usikate huduma kwa kupiga "futa kila kitu". Namba ikishafutwa, kuirudisha ni kazi ya kubembeleza.

Namba ikishakuwa kwenye kampuni ya simu za intaneti, unahitaji adapta ndogo, mfano Grandstream HT801, kati ya rauta na simu. Simu inapiga lakini haiiti? Simu nyingi za zamani za Uingereza zinahitaji kapasita ya mlio, mikrofaradi 1.8, ambayo zamani ilikuwa ndani ya soketi kuu ukutani. Nunua kiunganishi cha plagi ya BT chenye kapasita ndani. Vile vya bei ya chini kabisa havina. Sauti ikisikika upande mmoja, ingia kwenye rauta uzime SIP ALG, mpangilio wa rauta ambao mara nyingi huvuruga simu za intaneti, kabla hujalaumu kampuni.

Sasa nyaya, kwa wanaobaki kwenye shaba. Ukishaamua hutaki simu, zile soketi za vyumbani hazina faida tena, na zinakula mwendo wako. Fungua nusu ya chini ya soketi kuu kwa skrubu mbili. Ndani kuna soketi ya majaribio. Chomeka rauta hapo, iache kwa siku kadhaa, linganisha mwendo. Kama umepanda, tatizo ni nyaya za ndani: zinafanya kama antena na kurudisha mawimbi nyuma. Waya wa namba 3, uliokuwa wa kengele, ndio mkorofi zaidi. Laini yenyewe iko kwenye 2 na 5 tu. Zitoe nyaya zote za vyumba kwenye kifuniko cha mbele. Hii ndiyo tofauti kati ya ule mstari A na ule wa B. Upande wa nyuma wa soketi, unakoingia waya kutoka nje, ni mali ya Openreach, usiuguse.

Na kama unataka soketi za vyumbani zibebe simu ya kidijitali kutoka kwenye rauta, nyaya za ndani lazima ziwe zimetenganishwa kabisa na waya wa nje. Ukiziunganisha umeme wa simu wa rauta unakutana na laini ya nje: rauta inaungua au intaneti inakatika kila simu inapoita.

Kuna tatizo la laini zisizo na simu ambalo wahudumu hawalisemi. Laini ya SOGEA haina mlio, ule unaousikia ukiinua simu. Fundi akiwa juu ya nguzo au kwenye kabineti anatafuta jozi ya waya ya kumuunganishia jirani, anachomeka simu yake ya majaribio, hasikii kitu, anadhani jozi iko huru, anaichukua. Kwako intaneti inazima ghafla mchana wa siku ya kazi na haiwaki tena. Ukiona gari la Openreach mtaani siku hiyo, litaje kwenye malalamiko yako, na sema laini ni SOGEA. Wasikupotezee muda na kuwasha na kuzima rauta. Ile namba ya 17070, ambayo kwenye laini ya zamani inakusomea namba yako na kwa chaguo la 2 inakupa ukimya wa kusikiliza kelele, kwenye SOGEA haifanyi kazi. Usiitumie kama ushahidi kwamba laini imekufa.

Umeme. Simu ya zamani ililetewa umeme na kituo cha simu, kama volti 50, ikafanya kazi hata nyumba ikiwa giza. Ya kwenye rauta inakufa na rauta. Kama nyumbani kuna mzee anayetegemea simu ya mezani, au sehemu ambayo mtandao wa simu za mkononi haushiki, iambie kampuni kwa maandishi: mwongozo wa Ofcom, msimamizi wa mawasiliano, unawataka wawape watu hao njia ya kupiga 999, namba ya dharura, kwa muda usiopungua saa moja umeme ukikatika, bila malipo. Kifaa cha kuitia msaada anachovaa shingoni, kengele ya wizi, simu ya lifti: piga kwa aliyekiweka kwanza, kabla ya kubadilisha laini.

Kwa walioko Marekani, mtego ni uleule kwa sura nyingine. AT&T ilipoichukua BellSouth, kampuni nyingine ya simu, mwishoni mwa 2006, FCC, msimamizi wa mawasiliano wa huko, ilipata ahadi ya kuuza DSL (intaneti ya waya wa simu) bila simu kwa dola 19.95 kwa mwezi, kwa muda wa miezi 30, kwa hiyo hata huko teknolojia haikuwa kizuizi. Leo simu ya "bure" kwenye kifurushi huja na ada za 911 (namba ya dharura ya huko) na mchango wa Universal Service, mfuko wa kufikisha mawasiliano kwa wote, ambazo intaneti peke yake haina. Omba lebo ya bei ya intaneti peke yake. Kampuni kubwa zinatakiwa kuionyesha tangu 10 Aprili 2024.

Mleta mada, weka hapa ulichokiona kwenye ukaguzi: FTTP ipo au haipo, na makadirio ya mstari A na B. Anwani na namba usiziweke. Sema pia kama ukutani kuna soketi kuu ya kugawanyika nusu mbili au ni kipande kimoja, na kama mwenye nyumba ameruhusu ukuta utobolewe kwa ajili ya faiba, maana kwa nyumba ya kupanga kibali hicho ndicho huchelewesha kuliko kampuni yenyewe.